Joto na mwanga kwa vifaranga 50 wa siku moja: namna ya kuandaa banda Goma

Kifaranga wa siku moja ana malaika tu, hana manyoya, na kwa karibu siku kumi mwili wake hauwezi kujitunzia joto. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku nyuzi hushuka hadi 15 au chini, naye anahitaji 33. Pengo hilo hujazwa na taa, na umeme ukikatika, na kitu kingine. Hicho kingine kitafutwe kwanza, ndipo ununue taa.

Hatua ya 1: Mahali

Upande wa magharibi wa mji, kandokando ya ziwa na kuelekea Sake, kuna mabonde yenye mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kuua. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu aliyesimama anaweza asisikie kitu, lakini kifaranga anavutia pumzi sentimita tano kutoka ardhini. Usiweke banda shimoni wala kwenye mteremko unaoishia ukutani. Uliza majirani: pale ambapo mijusi na ndege hukutwa wamekufa asubuhi, hapafai.

Nyumba nyingi ni za mbao, na upepo hupita kwenye nyufa. Ziba nyufa hadi urefu wa goti kwa katoni au gunia. Juu, chini ya bati, acha wazi.

Hatua ya 2: Duara

Chukua tripleksi nyembamba au katoni ngumu yenye urefu wa mita 5 na kimo cha sentimita 45. Ikunje iwe duara la kipenyo cha mita 1.5, ncha zipishane kidogo, ufunge kwa waya. Pembe haitakiwi: vifaranga wakiogopa au wakisikia baridi hujazana pembeni, na wa chini hukosa hewa.

Sakafu ya saruji au ya mawe ya volkano hunyonya joto. Tandika plastiki au katoni kwanza, halafu maranda makavu, unene wa sentimita 6 hadi 8. Usiwaache juu ya karatasi laini za gazeti. Miguu huteleza, hupanuka, na kifaranga hasimami tena.

Hatua ya 3: Taa

Nunua ampuli mbili nyekundu za joto za wati 150, usichukue moja ya wati 250. Moja ikiungua usiku, nyingine inabaki. Ampuli za LED tulizonazo majumbani hutoa mwanga mzuri, ila joto lake halitoshi kitu.

Duyi (kishikio cha ampuli) iwe ya kauri. Ya plastiki hulainika kwa joto la ampuli, hupasuka, na taa huanguka juu ya maranda. Katika nyumba ya mbao matokeo yake yanajulikana. Waya wa milimita 1.5 za mraba unatosha kabisa. Ning'iniza kila taa kwa mnyororo au waya wa chuma uliofungwa kwenye boriti, na ufunge wa pili wa akiba. Waya wa umeme usibebe uzito wowote.

Taa zikae sentimita 50 juu ya migongo ya vifaranga, zote mbili upande mmoja wa duara. Upande wa pili ubaki na ubaridi kiasi, ili anayezidiwa na joto apate pa kukimbilia. Maji na chakula viwe mpakani mwa joto, si chini ya taa: tone la maji likirukia ampuli iliyowaka, kioo hupasuka.

Wati 300 saa 24 ni kilowati-saa 7.2 kwa siku. Zihesabu kabla ya kununua umeme.

Hatua ya 4: Washa siku moja kabla

Maranda huchelewa kupata joto kuliko hewa. Washa saa 24 kabla vifaranga hawajafika, na weka kipimajoto kwenye usawa wa mgongo wao, sentimita 5 juu ya maranda. Ukikitundika ukutani kitakudanganya.

Wiki ya kwanza: nyuzi 32 hadi 34 chini ya taa. Kisha punguza nyuzi 3 kila wiki, kwa kuinua taa sentimita 5 hadi 7.

Angalia pia jioni, wakati mtaa mzima unapika na umeme unadhoofika. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 170, ampuli ya wati 150 hubaki na nguvu ya wati 100 hivi. Taa inawaka, wewe unaona mambo ni sawa, kumbe theluthi ya joto imekwenda.

Hatua ya 5: Waangalie wao

Wakitawanyika kote na kulia kidogo tu, joto ni sawa. Wakijikusanya chini ya taa na kupiga kelele, ni baridi: shusha taa. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi na mabawa yamelegea, inua. Wakijazana wote upande mmoja usio na taa, kuna upepo unaingia, tafuta ufa. Mavi yakigandia mkunduni, mara nyingi wamepata baridi au joto la kupita kiasi. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha rekebisha taa.

Hatua ya 6: Umeme ukikatika

Weka tayari bidoni (madumu) nne za lita 5. Jaza maji ya moto yasiyochemka (bidoni nyembamba hulegea kwa maji yanayotokota), funga vizuri, zungushia gunia, panga katikati ya duara. Lita 20 zikipoa kutoka nyuzi 80 hadi 40 hutoa joto karibu sawa na taa zako mbili kwa saa tatu. Funika duara kwa kitambaa, theluthi moja ibaki wazi, na ubadilishe maji kila baada ya saa tatu.

Mbabula (jiko) ya makala, yaani mkaa, ni ya mwisho kabisa. Iwashe nje hadi moshi uishe, iweke juu ya matofali nje ya duara, na nafasi ya chini ya bati ibaki wazi. Gesi ya makala haina harufu, na makala yaliyofunikwa majivu huitoa pia. Kama watu wanalala chumba hicho, usiiingize.

Kuna hatari nyingine watu hawaifikirii: kifaranga aliyezoea mwanga usiku kucha, giza likimshukia ghafla hupata hofu, wote hurundikana. Siku tatu za kwanza acha mwanga ili wajue maji na chakula. Kuanzia ya nne, zima kila kitu kwa saa moja mapema usiku, bidoni za moto zikiwa ndani.

Hatua ya 7: Kuachisha

Panua duara kuanzia siku ya tano. Wiki ya tatu zima taa moja mchana jua likiwaka. Wiki ya nne zima zote mchana. Usiku taa moja ibaki hadi manyoya yafunike mgongo na kifua. Msimu wa mvua ongeza siku kadhaa.