Mfuko mdogo wa ruzuku na haki ya rangi: anzeni na maombi mliyoyakataa

Mwongozo huu ni wa mashirika ya hisani ya Uingereza yanayotoa ruzuku ndani ya mji mmoja: wafanyakazi wawili watatu, wadhamini saba (yaani wajumbe wa bodi inayosimamia shirika), tuseme pauni 120,000 za kugawa kwa mwaka. Utawafaa pia Waswahili, Wakongo na Wasomali wanaoalikwa kuingia kwenye bodi hizo, maana wengi huitwa wakae kama pambo na hawaambiwi funguo ziko wapi.

Msianze kwa tamko. Tangu George Floyd, Mmarekani mweusi, auawe na polisi Mei 2020, matamko yameandikwa kwa wingi, na fomu zimebaki zilezile. Anzeni kabatini. Toeni maombi yote ya miaka mitatu, yaliyopata na yaliyokosa, myaingize kwenye jedwali moja: kiasi kilichoombwa, kilichotolewa, mtaa, hatua ambapo ombi lilikwama, sababu iliyoandikwa, na kama kikundi kinaongozwa na watu wa asili inayobaguliwa. Hilo la mwisho msilikisie kwa kusoma majina. Viulizeni vikundi vyenyewe. Kipimo kinachofaa ni robo tatu ya kamati na, penye waajiriwa, nusu ya wakuu wa kazi. Kisheria, habari za asili ya mtu ni nyeti, kwa hiyo kila mmoja ajaze mwenyewe, awe na nafasi ya kuandika "sipendi kusema", nanyi mtunze jumla tu bila majina.

Kisha linganisheni na sensa ya 2021, mtaa kwa mtaa. Leicester, mji wa England, kwa mfano, asilimia 43.4 ya wakazi walijitambulisha kuwa na asili ya Asia na 40.9 kuwa Wazungu. Lakini msiwafunge watu wote kamba moja. Leicester hiyohiyo ina familia zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakati halmashauri ya mji ilipotangaza katika gazeti la Uganda kwamba wasije, na ina Wasomali waliohamia miaka ya 2000 kutoka Uholanzi. Wote wanahesabiwa kuwa "wachache", ila shida ya mmoja si shida ya mwenzake. Tena, mkiwa na maombi 40 tu, acheni asilimia, andikeni idadi. Kikundi kimoja kikipungua, asilimia inaruka na wadhamini wanababaika bure.

Ombi hukwama wapi

Hapa ndipo penye kazi. Ubaguzi katika mfuko mdogo ni nadra kuja na matusi. Huja umevaa nguo za utaratibu.

Sharti la kwanza la kutazama ni namba ya usajili. England na Wales, shirika la hisani lenye mapato yasiyozidi pauni 5,000 kwa mwaka kwa kawaida halilazimiki kusajiliwa na Tume ya Mashirika ya Hisani, lakini mifuko mingi bado inadai namba hiyo, pamoja na hesabu za miaka miwili. Kwa ruzuku ndogo takeni mambo matatu tu: katiba fupi, kamati ya watu watatu, na akaunti yenye watia sahihi wawili wasio jamaa. Andikeni wazi "jamaa" maana yake nini: wasiooana, wasio wa damu moja ya karibu, wasioishi nyumba moja. Kwetu kila mtu ni ndugu, na tumeona neno hilo likiwatisha watu waaminifu.

Akaunti ndiyo kisiki kikubwa. Kina mama walioendesha upatu miaka kumi bila senti kupotea wana nidhamu ya fedha kuliko mashirika kadhaa yenye ofisi, ila benki inataka karatasi, na majibu huchukua wiki nyingi. Tumieni shirika mlezi lipokee fedha kwa niaba yao. Ada ya mlezi, asilimia 5 hadi 10, ilipwe juu ya ruzuku na si kwa kuimega. Hatari ni mlezi kugeuka bwana. Zuieni hilo kwa mkataba wa ukurasa mmoja: anatoa fedha ndani ya siku saba kwa stakabadhi, hachagui matumizi, na kikundi kinaruhusiwa kuhama.

Fomu nayo. Maswali 20 kwa pauni 2,000 ni mtihani wa Kiingereza, na anayefaulu ni yule mwenye mwandishi wa kulipwa. Chini ya pauni 5,000 yanatosha manne: mnafanya nini, na nani, fedha zitalipia nini, mtajuaje kuwa imefaa. Ruhusuni majibu ya sauti au mazungumzo ya simu ya dakika 30, kwa Kiswahili au Kisomali pia, na mkalimani alipwe. Msimtumie mtoto wa mwombaji kutafsiri.

Kwenye jopo linalopima maombi, angalieni alama zinavyotolewa. Kigezo cha "uzoefu wa kupokea ruzuku" humpa aliyekwisha kupewa. Kifuteni. Waleteni watu wa mitaa husika, wawe nusu ya jopo au zaidi, kwa sababu mmoja peke yake hugeuzwa msemaji wa bara zima. Walipeni kwa saa. Ulizeni kwanza, lakini: anayepokea posho ya serikali anaweza kupunguziwa, na mwomba hifadhi kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi ya malipo. Kwao lipeni nauli na malezi ya mtoto. Katika mji mdogo watu hujuana, hivyo anayetoka chumbani awe yule mwenye maslahi katika ombi. Kumfahamu mwombaji hakutoshi kumtoa mtu.

Fedha za namna gani

Uingereza Oktoba ni mwezi wa historia ya watu weusi, na maombi ya vikundi vyao hukubaliwa haraka msimu huo: ngoma, pilau, picha. Novemba simu haipokelewi. Lipieni sherehe, ndiyo, ila lipieni na kazi inayogusa kanuni: kuwatetea watoto wanaofukuzwa shule, kuwafundisha vijana haki zao wanaposimamishwa na kupekuliwa na polisi, kuwasindikiza wazee kwenye rufaa za uhamiaji. Shirika la hisani linaruhusiwa kutetea mabadiliko ya sheria yanayotimiza malengo yake. Haliruhusiwi kupigia debe chama cha siasa.

Toeni fedha za uendeshaji, yaani kodi ya chumba, mshahara na bima, kwa miaka mitatu. Kutoka zile 120,000, tengeni 48,000 kwa mwaka: vikundi sita, pauni 8,000 kila kimoja. Ahadi nzima ni 144,000, na hapa wadhamini hushtuka, kwani ahadi isiyo na masharti huweza kuingia yote kwenye hesabu za mwaka wa kwanza kama deni. Ongeeni na mhasibu kabla ya kusaini barua, si baada.

Sheria

Usiku kabla ya kupiga kura, daima kuna mdhamini anayesema "kisheria haturuhusiwi". Sheria ya Usawa ya 2010, kifungu cha 193, inaruhusu shirika la hisani kuelekeza msaada kwa watu wa asili fulani ikiwa katiba yake inasema hivyo, na juu ya hilo ama lengo ni kuziba pengo walilonalo ama njia hiyo inalingana na lengo halali. Haikubali kundi lielezwe kwa rangi ya ngozi. Mstari wa namna hiyo husomwa kana kwamba neno la rangi halimo. Kiswahili husema "ubaguzi wa rangi", lakini kwenye masharti ya ruzuku andikeni asili au taifa. Someni katiba yenu, na kama malengo ni finyu, huenda mkahitaji idhini ya Tume kuyabadili.

Kama mfuko una mtaji wa zamani, fuatilieni ulikotoka. Mwaka 1833 Bunge lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki wa watumwa, na deni lililotokana na fedha hizo lilimalizika kulipwa 2015. Watumwa hawakupata kitu. (Unguja nako amri ya 1897 iliweka fidia kwa mabwana.) Chuo cha University College London (UCL) kina kanzidata ya bure ya waliolipwa, tafuteni jina la mwanzilishi wenu, mchapishe mtakachokikuta kabla mwandishi wa gazeti hajawatangulia.

Waliokosa wapewe barua ndani ya siku kumi za kazi, yenye sababu halisi na jina la mtu wa kumpigia. "Ushindani ulikuwa mkali" si sababu. Jedwali lile lirudiwe kila mwaka mwezi uleule, nalo lisomwe kwenye mkutano wa wadhamini kabla ya taarifa ya fedha, watu wakiwa bado hawajachoka.