Ndoto ya kutibu watu: namna ya kuipangia miaka ukiwa bado Kidato cha Tatu

Waulize wanafunzi wa sayansi wanataka kuwa nani, wengi watajibu: daktari, nisaidie jamii. Jibu zuri, ila halipangiki, kwa kuwa halitaji mahali, mwaka wala watu watakaosaidiwa. Utaratibu ufuatao ni wa mwanafunzi wa Tanzania anayelenga sekta ya afya. Wa fani nyingine abadilishe masomo na vyuo tu.

Anza na mahali

Watu huchagua cheo kwanza, kisha wanatafuta pa kukitumia. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Zahanati ya kijiji kwa kawaida huendeshwa na tabibu mwenye stashahada pamoja na muuguzi. Daktari mwenye shahada utamkuta zaidi kituo cha afya na hospitali ya wilaya. Bingwa yuko hospitali ya rufaa ya mkoa au juu zaidi. Kwa hiyo aliyeapa kurudi kutibu kijijini kwao, kisha akasomea ubingwa wa upasuaji wa moyo, amejiandalia kazi ambayo kijijini haipo. Hakuna ubaya kuutaka ubingwa, ila ujue utawasaidia watu wakiwa wameshasafirishwa kuja kwako.

Nenda zahanati iliyo karibu, mchana foleni ikipungua. Msalimu mganga mfawidhi (msimamizi wa zahanati), omba dakika ishirini, uwe na maswali yaliyoandikwa: Wagonjwa wa wiki hii walikuja na nini zaidi? Mnaowapa rufaa mnawapeleka wapi, na wanafikaje huko? Kazi gani hapa haina mtu wa kuifanya? Usimwulize mshahara siku ya kwanza. Majibu hayo yatakupa sentensi moja ya kuandika juu ya ukurasa, kwa mfano: "Mwaka 2032 niwe tabibu katika zahanati ya kata yetu, nikihudumia zaidi wajawazito na watoto." Hiyo inapangika.

Hesabu kurudi nyuma

Chukua mwanafunzi atakayefanya mtihani wa Kidato cha Nne Novemba 2027. Matokeo hutoka Januari 2028, na toka hapo kuna njia mbili.

Ya kwanza ni chuo cha afya: stashahada ya utabibu, miaka mitatu, anamaliza 2031. Sifa ya chini ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ya pili ni Kidato cha Tano kwa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kuanzia Julai 2028, mtihani wa Kidato cha Sita Mei 2030, chuo kikuu mwaka huohuo, miaka mitano ya udaktari, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Anatoka mwishoni mwa 2036.

Tofauti ni kama miaka mitano. Familia inayomsubiri mtoto aanze kusaidia ada za wadogo zake iwekewe tarehe hizi mezani mapema. Njia ya kwanza pia haifungi mlango wa pili: tabibu mwenye GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba udaktari, ila huangaliwa pia alifaulu Hisabati na Kiingereza Kidato cha Nne. Basi usiitupe Hisabati kwa kisingizio kwamba huihitaji. Sifa hubadilika, hivyo soma mwongozo wa NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya stashahada) au TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka wako wenyewe, usitegemee alivyoingia kaka yako.

Linda Fizikia

Somo linalozuia wengi ni Fizikia. Ukipata F hapo, njia zote mbili zimefungwa hata kama Biolojia una A. Alama za NECTA (Baraza la Mitihani) Kidato cha Nne ni hizi: 75 na zaidi ni A, 65–74 B, 45–64 C, 30–44 D, chini ya 30 ni F. D inatosha kwenye karatasi ya sifa, lakini nafasi hugombaniwa, kwa hiyo lenga C kwenda juu.

Mwenye 38 ya Fizikia na 72 ya Biolojia hupenda kusoma Biolojia, kwa sababu inamfurahisha. Afanye kinyume: kila wiki vipindi vitatu vya dakika 50 vya maswali ya Fizikia ya mitihani iliyopita, kimoja cha Biolojia. Daftari la makosa liwe na safu tatu: swali, nilichokosea, kanuni sahihi. Makosa ya vizio (sentimita zilizoachwa bila kugeuzwa mita) yatajirudia mpaka utashangaa.

Nyaraka na fedha

Linganisha jina la cheti cha kuzaliwa na la rejesta ya shule, herufi kwa herufi. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule litakusumbua wakati wa kuomba mkopo, kwani Bodi ya Mikopo hutaka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Rekebisha kabla ya usajili wa mtihani. Mkopo wenyewe ni deni: ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, kwa hiyo ahadi zako za kusaidia ndugu zikokotolee kwenye kinachobaki.

Kusaidia kusisubiri ajira

Chagua wanafunzi watatu wa Kidato cha Pili, wafundishe Kemia Jumamosi saa 4 hadi saa 6. Watatu wanatosha, ukichukua kumi na watano unakuwa mwalimu bila mshahara, na masomo yako yanaporomoka. Mada usiyoweza kuwaeleza bila kufungua daftari ndiyo ya kurudia wewe mwenyewe Jumapili.

Kila Januari fungua ukurasa wako. Lengo likiwa halijabadilika, sahihisha miaka tu. Fizikia ikikuangusha kwenye mtihani wa mwisho, unaweza kuirudia peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sogeza kila tarehe mwaka mmoja mbele, na uiambie familia wiki hiyohiyo.