Umeme wa pamoja wa mji huku Massachusetts: soma barua, linganisha bei, amua

Barua yenye nembo ya jiji inayokuambia kwamba umeme wako utanunuliwa kwa muuzaji mwingine si tangazo la biashara. Usiitupe. Ina tarehe ya mwisho, na ukinyamaza umeshakubali.

Kwanza elewa bili. Ina mafungu mawili. La "Delivery" ni nguzo, nyaya, mita na mafundi; hapo unalipa kampuni ya eneo lako, iwe National Grid, Eversource au Unitil, na halibadiliki hata mji ukikununulia umeme. La "Supply" ni umeme wenyewe. Usipochagua kitu, kampuni hiyohiyo inakununulia kwa bei iitwayo "Basic Service", ambayo kwa nyumba za kawaida hubadilika kila miezi sita. Sheria ya jimbo ya 1997 iliruhusu mji kukusanya wakazi wake na kuwatafutia bei kwa pamoja katika fungu hili la pili tu.

Kabla barua haijakufikia, baraza la mji limeshapiga kura, mpango umeidhinishwa na idara ya jimbo inayosimamia huduma za umma, na wauzaji wameshindania zabuni.

Hatua ya 1. Tafuta mambo manne kwenye barua: bei kwa uniti (kilowati-saa moja), tarehe bei hiyo inapoanza na kuisha, kiwango cha nishati jadidifu (ya jua, upepo na kadhalika), na siku ya mwisho ya kujitoa. Kwa kawaida unapewa siku 30.

Hatua ya 2. Chukua bili ya karibuni. Nenda kwenye "Supply", tazama bei ya uniti moja. Linganisha hiyo na bei ya barua. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanagawa jumla ya bili nzima kwa uniti, wanapata namba kubwa, halafu wanaona bei ya mji ni ya bure. Mfano: ukitumia uniti 600 kwa mwezi, senti 16 ni dola 96, senti 14 ni dola 84. Tofauti ni dola 12, basi. Fungu la "Delivery" utalilipa vilevile.

Hatua ya 3. Angalia muda. Bei ya mji inaweza kufungwa mwaka mmoja, miwili au zaidi, huku ya kampuni ikipanda na kushuka. Kwa hiyo kuna miezi mji utakuwa ghali. Mpango mzuri haukuahidi kwamba utaokoa kila mwezi. Unakupa bei isiyoruka majira ya baridi. Kwa familia inayopanga fedha kwa wiki, naona hilo ni jambo kubwa.

Hatua ya 4. Chagua daraja, yaani kiwango cha nishati jadidifu unachotaka. Boston, kwa mfano, ina matatu: la msingi, la kawaida unaloingizwa usiposema kitu, na la asilimia 100 nishati jadidifu. Ukitaka bei ya chini, mara nyingi lazima uombe la msingi mwenyewe.

Hatua ya 5. Kukubali, usifanye kitu. Kukataa, jaza kadi iliyomo ndani, tia sahihi, irudishe kabla ya tarehe. Au piga simu iliyoandikwa kwenye barua. Badiliko huanza siku mita inaposomwa, kwa hiyo bei mpya utaiona kwenye bili inayofuata usomaji huo. Kuchelewa huko si kosa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Umeme ukikatika nimpigie nani?*
Marahaba. Kampuni ya nyaya, kama zamani. Bili pia inabaki moja.

*Nina punguzo la kipato kidogo. Litapotea?*
Halipotei. Kwa National Grid tazama msimbo wa bei ("rate") kwenye bili: R-1 ni ya kawaida, R-2 ni ya punguzo. Mama, kama unapokea SNAP (msaada wa chakula) na bado unaona R-1, omba punguzo leo. Litakusaidia kuliko hata tofauti ya bei ya mji.

*Kijana amekuja mlangoni, anasema ametumwa na jiji, anataka kuona bili.*
Usimwonyeshe, dada. Mji hautumi mtu mlangoni kukusajili. Anachotaka ni namba ya akaunti. Akiipata anaweza kukuhamishia kwa muuzaji binafsi. Ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ya 2018 ilikuta kwamba wateja wa wauzaji binafsi walilipa zaidi ya dola milioni 170 juu ya bei ya kawaida katika miaka miwili.

*Mimi tayari nina mkataba na muuzaji kama huyo. Jiji litanitoa?*
Hapana. Wenye mkataba binafsi hawaingizwi bila kuomba. Soma kwanza kama kuna faini ya kuvunja mkataba, kisha mpigie muuzaji akurudishe "Basic Service", halafu omba kuingia mpango wa mji.

*Tarehe imenipita. Nimefungwa?*
Hujafungwa. Sheria inakupa siku 180 za kujitoa bila faini, na mipango mingi inaruhusu wakati wowote. Utarudi bei ya kampuni mita ikisomwa tena.

*Tunahama nyumba, ila mji uleule.*
Akaunti mpya huanzia "Basic Service". Usingoje barua nyingine, kaka. Piga simu ya mpango ukiwa na namba mpya ya akaunti mkononi.