Kujifunza gitaa ukubwani, huku wenzako wakikusikia

Nilishika gitaa kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 41. Miezi minane ya mwanzo nilijifungia chumbani, mlango nimeukomea, nikisubiri nijue kwanza ndipo nithubutu kumpigia mtu. Siku niliyojikaza nikatuma video ya dakika moja kwa kundi la wanaojifunza wenzangu mtandaoni, jibu la kwanza halikuwa pongezi wala kejeli. Mmoja aliandika: "Kwenye D uzi wa 1 haulii. Kidole chako cha pete kimeuegemea." D ni kodi, yaani nyuzi kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na nyuzi tunazihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa, wa 1, hadi ule mnene, wa 6. Nikarudi kwenye gitaa, nikaigusa D polepole, uzi mmoja mmoja. Wa 4 unalia, wa 3 unalia, wa 2 unalia, wa 1 kimya. Miezi minane nilikuwa napiga D iliyopungua uzi mmoja na sikujua, maana sikio la mpigaji husikia kile mkono ulichokusudia.

Siku hizi mimi ndiye ninayewapokea wageni kwenye kundi hilo, na hizi ndizo hatua ninazowapa. Utaona kurekodi kumekuja mapema kuliko unavyopenda. Nimekuweka hapo makusudi.

Hatua ya 1: Lichunguze gitaa kabla hujajilaumu

Mtu mzima akishindwa kubonyeza uzi husema vidole vyangu vinene, au nimechelewa. Mara nyingi kosa ni la gitaa. Chukua rula, simama kwenye freti ya 12. (Freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, tunazihesabu kuanzia upande wa vigingi vya kukazia.) Pima nafasi iliyopo kati ya freti hiyo na uzi wa 6, ule mnene kuliko yote. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 2.5 ni sawa. Ikipita 3, utateseka bure, mpelekee fundi azishushe nyuzi. Gitaa la nailoni huwa juu zaidi, milimita 3 hadi 4, lakini nyuzi zake ni laini kwa vidole.

Kama gitaa lako ni la chuma, tafuta seti ya nyuzi nyembamba, ambayo uzi wake wa 1 una unene wa inchi 0.010 au 0.011. Na tafadhali usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni. Chuma huvuta kwa nguvu inayokaribia mara mbili, na gitaa lile halikujengwa kubeba mvuto huo: daraja (kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) hung'oka au shingo hupinda.

Hatua ya 2: Lituni kila unapolishika

Kutuni ni kukaza au kulegeza nyuzi hadi kila mmoja utoe sauti yake, na kila sauti ina jina la herufi. Kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba: E, A, D, G, B, E. Programu ya simu inatosha kabisa, nawe usione aibu kuitumia. Jambo moja la kuangalia: ukifika kwenye sauti kwa kulegeza uzi, baada ya dakika chache utalegea tena. Kwa hiyo ukipita, shuka chini ya sauti unayoitaka, halafu panda ukikaza hadi uifikie. Na kama programu inaonyesha herufi sahihi ilhali uzi umekazana kama wa upinde wa mshale, acha mara moja, umeshapanda oktava nzima (herufi ni ileile, lakini sauti ni ya juu zaidi) na utakukatikia usoni.

Mara moja kwa wiki, iweke simu kando utuni kwa sikio. Bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 5: hiyo ni A, inapaswa kufanana na uzi wa 5 ukiwa wazi, yaani haujabonyezwa. Endelea hivyo kwa nyuzi zote, isipokuwa unapotafuta uzi wa 2, hapo bonyeza uzi wa 3 kwenye freti ya 4. Nyuzi mbili zikikaribiana bila kulingana utasikia sauti ikiyumba, wau-wau-wau. Kadiri zinavyolingana ndivyo myumbo unavyopoa hadi unatulia. Hilo ndilo zoezi la sikio ninalolipenda kuliko mengine yote.

Hatua ya 3: Bonyeza kidogo

Weka kidole karibu kabisa na freti, upande wa nyuma yake, yaani upande wa vigingi. Usikiweke juu ya chuma, wala katikati ya nafasi. Sasa fanya jaribio hili. Gusa tu uzi wa 3 kwenye freti ya 5, usiubonyeze, na uupige: utasikia "tk" iliyokufa. Ongeza nguvu kidogo, utasikia mkwaruzo. Ongeza kidogo tena hadi sauti itoke safi. Simama hapo hapo. Wanaoanza karibu wote hubonyeza zaidi ya hapo, kisha wanashangaa mkono unachoka dakika ya tatu.

Ncha za vidole zitauma, hilo halina ujanja. Wiki chache na sugu zinaota. Usizitafune, usizikwangue, na usipige gitaa vidole vikiwa vimelowa, kwa sababu ngozi laini huchubuka na unaanza upya. Lakini ganzi, au maumivu kwenye kifundo cha mkono au mzizi wa kidole gumba, si sehemu ya masomo. Ukiyasikia, weka gitaa chini. Mara nyingi ni kwamba unainama ili uone vidole, na kifundo kinakunjika. Kaa wima, inua shingo ya gitaa kidogo.

Hatua ya 4: Kodi tatu tu

Kodi ninazosema hapa si zile za serikali. Anza na Em: kidole cha kati kwenye uzi wa 5 na cha pete kwenye uzi wa 4, vyote freti ya 2, kisha piga nyuzi zote sita. Ni kodi ambayo hata mkono uliochoka na kazi za mchana kutwa unaiweza.

Halafu Am: cha shahada uzi wa 2 freti ya 1, cha kati uzi wa 4 freti ya 2, cha pete uzi wa 3 freti ya 2. Piga kuanzia uzi wa 5. Kutoka hapo kwenda C, angalia: cha shahada na cha kati vinabaki palepale. Kinachohama ni cha pete peke yake, kutoka uzi wa 3 kwenda uzi wa 5 freti ya 3. Mwanzoni nilikuwa nainua mkono wote na kuupanga upya kila mara, kama mtu anayehamisha nyumba nzima ili abadilishe kiti kimoja.

Weka saa dakika moja. Am, C, Am, C. Hesabu mara ngapi umebadilisha, andika tarehe na idadi. Siku ya kwanza ukipata 10 ni sawa. Ukifika 60 unaweza kuziweka ndani ya wimbo bila kusimama. Dakika 15 kila siku zitakufikisha mapema kuliko saa mbili za Jumamosi, ambazo nusu yake hupotea ukikumbuka ulipoishia.

Hatua ya 5: Rekodi, wiki hii hii

Hapa ndipo watu wanaponikimbia. "Ngoja kwanza nijue kidogo." Hapana. Tuma ukiwa na kodi mbili zinazokwaruza, wakati kosa bado ni changa na linang'oka kirahisi. D yangu ilinichukua wiki sita kuirekebisha kwa sababu mkono ulikuwa umeshaizoea.

Simu iweke umbali wa mkono mmoja, usawa wa gitaa, ielekee pale shingo inapoungana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu itapokea mvumo mtupu. Mikono yote miwili ionekane. Uso si lazima, na wengi kundini hawauonyeshi. Kamera ya mbele ya simu nyingi hugeuza picha, ukaonekana unapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo tumia ya nyuma au zima mgeuzo huo, la sivyo anayekusaidia atachanganyikiwa vidole.

Dakika moja inatosha. Mara ya kwanza tu, usirudie. Ukirekodi mara kumi na tano ukachagua iliyo nzuri, umetuficha kile tulichokuja kukisikia. Wala usifungue kwa kuomba radhi. Tulihesabu siku moja kwa mzaha: kwenye video ya sekunde 58, mwenzetu mmoja alitumia 31 kueleza kwa nini leo hakupiga vizuri.

Hatua ya 6: Namna ya kuuliza, na namna ya kujibu

"Mnaonaje?" huleta "hongera" ishirini, na hongera hazijawahi kumnyoosha mtu kidole. Uliza kitu kimoja kinachoshikika: "Nikitoka Am kwenda C nachelewa, kidole gani kinanichelewesha?" Wenye kukusikiliza watajua waangalie wapi.

Ukiwa wewe ndiye unayejibu, taja kilichokaa sawa, taja kosa moja, taja jaribio la kufanya leo. Moja, hata kama umeona saba. Mtu mzima aliyepewa makosa saba huondoka kimya kimya, na hata hamjui amekwenda lini. Kosa la pili litakusubiri wiki ijayo, haliendi popote. Msema sana kundini huwa si yule anayepiga vizuri zaidi. Nasema hivyo nikijijua mwenyewe.

Hatua ya 7: Mkono wa kulia usisimame

Weka metronomu, yaani kifaa au programu inayogonga mapigo kwa mwendo ulio sawa, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Piga nyuzi kwa kushuka tu, pigo moja mshuko mmoja. Kisha ongeza mpando katikati ya mapigo. Sharti ni moja: mkono ushuke na kupanda kila wakati, hata pale usipogusa nyuzi. Kodi ikikuchelewa, mkono uendelee, acha nyuzi zilie wazi au zikwaruze, kodi itafika pigo linalofuata. Anayesikiliza husamehe kodi mbovu. Mdundo ukikatika ndipo anapogeuka kukutazama.

Hatua ya 8: Kupiga pamoja mkiwa mbali

Kila mgeni hupendekeza hili ndani ya mwezi wa kwanza: tukutane kwa simu ya video tupige wote kwa pamoja. Tulijaribu. Wimbo ulianza vizuri, ukapungua mwendo, ukapungua tena, hadi ukasimama kama gari lililoishiwa mafuta mlimani. Sababu ni hii. Hewani sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mtu aliye mita 10 kutoka kwako unamsikia akiwa amechelewa kama milisekunde 29, na hapo tayari kushikana mdundo kunaanza kuwa kugumu. Kwenye simu ya video ucheleweshaji hupita milisekunde 100 bila shida. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, basi wote mnazidi kurudi nyuma.

Kinachofanya kazi ni namna mbili. Ya kwanza: mmoja anapiga, vipaza sauti vya wengine vyote vimezimwa, kila mtu anamfuata akiwa kwake. Anayeongoza hasikii mtu, lakini sisi wengine tunapata raha yote. Aongoze kila mara mtu tofauti. Na azime kwanza kile kichujio cha kelele cha programu, maana hulichukulia gitaa kuwa kelele na kulikata katikati ya pigo.

Ya pili: wa kwanza anarekodi pamoja na metronomu ya mapigo 80, akianza kwa kupiga kofi moja kubwa. Anatuma. Wa pili anavaa visikizi, anapiga kofi pamoja na lile, kisha anapiga sehemu yake juu ya ile aliyotumiwa. Hivyo hivyo wa tatu. Mwenye kuunganisha hupanga makofi yakae mstari mmoja, na yaliyobaki yanajipanga yenyewe. Wimbo wetu wa kwanza wa namna hii ulikuwa na magitaa manne na mbwa mmoja aliyebweka kwa wakati wake.

Hatua ya 9: F

Utafika F, na utataka kuuza gitaa. Nenda kwa ngazi. Kwanza F ndogo: cha shahada uzi wa 2 freti ya 1, cha kati uzi wa 3 freti ya 2, cha pete uzi wa 4 freti ya 3, na usipige nyuzi mbili nene. Ikikaa, laza cha shahada kiubonyeze na uzi wa 1 pia. Ile kamili, ambapo kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi zote sita, ianze kwa kukigeuza kidole kidogo ili ule upande wake mgumu unaoelekea vigingi ndio ubonyeze, siyo tumbo lake laini. Nguvu itoke kwenye uzito wa mkono unaovuta nyuma, usikamue kwa kidole gumba.

Irekodi siku ya kwanza ikiwa imekufa nusu. Piga uzi mmoja mmoja mbele ya kamera, kuanzia wa 6 hadi wa 1, na chini ya video andika ni zipi hazilii. Sisi tutakuambia kidole gani kimelala vibaya.