Mbegu za msimu uliopita usitupe, zipime kwanza

Jamani mvua za Machi hizo zinakuja na najua kuna vipakiti vimebaki nyumbani, usitupe. Chukua mbegu 10, zifunge kwenye kitambaa kilicholowa, tia ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), weka mahali pa joto na kila siku chungulia kisikauke. Baada ya wiki fungua uhesabu vile vimizizi vyeupe kama uzi, zikiota 8 panda kawaida, 4 au 5 weka mbilimbili kwa shimo, chini ya hapo, kama ni dodo (mchicha) na sukuma, mwaga zote kwenye tuta moja uchume majani machanga. Nyanya hukaa hata miaka 4, vitunguu mwaka tu vimechoka. Mbegu zenye rangi ya pinki zina dawa, kuku wasile kabisa!