Gari bila shofere wala komvoyeri: jinsi ya kumuonesha abiria mulango kwa sauti

Hapa Bukavu komvoyeri, yule mwenye kuita abiria, akigonga bati ya taxi-bus na kuita kwa nguvu jina la fasi, "Nyawera! Nyawera!", hata kama ulikuwa unasinzia unajua mulango uko wapi, juu sauti inatokea palepale ku mulango. Kazi yote njo hiyo. Sasa zile gari zenye kujiendesha, kama za kampuni Waymo kule Phoenix, Amerika, zenye zinabeba watu bila mtu ku usukani tangu 2020, hazina komvoyeri, basi utamutengeneza wewe.

Usianze na sauti yenye kusema "shukia kuume". Kuume ya nani? Ndani ya gari ya Zoox, kampuni ingine ya gari za kujiendesha, viti 4 vinaangaliana, kuume yangu ni kushoto yako! Weka bafle (spika) ndogo ku kila mulango, ule wenye utafunguka njo ulie, mwingine unyamaze, basi.

Halafu achana na ile "piiii". Mlio mwembamba wa namna moja unasumbua masikio, hayajui unatoka wapi. Sauti ya upande wa kuume inafika ku sikio la kuume kwanza, tofauti haifiki hata milisekunde 1, na bongo inakamata tofauti hiyo vizuri kama sauti ni fupi, inaanza kwa nguvu, na ina mchanganyiko wa nyembamba na nzito. Mimi nilitia mchele ndani ya mukebe wa maziwa, nikatikisa mara moja, shhk!, nikarekodi na telefone, na mpaka leo sijapata yenye kuushinda.

Jaribu kwanza ku salon: viti 4, bafle 4, mufunge mudogo wako macho na kitenge, aoneshe kidole. Kushoto na kuume hatakosa. Ila mbele na nyuma, wangu alionesha jikoni kumbe bafle iko ku dirisha, mpaka alipogeuza kichwa kidogo njo akapata. Kwa hiyo liza mara 3, na nafasi katikati, apate muda wa kugeuka. Na weka taa pia ku mulango, kuna wasiosikia.

Ukihamia ndani ya Hiace zetu zenye usukani kuume, chunga sana, mulango wake unafungukia kushoto, yaani katikati ya barabara, juu sisi tunapita kuume. Hapo ongeza mlio mwingine wa kukataza, mzito, wa kukwaruza, ulie palepale ku mulango wakati pikipiki inapita, na mchele usisikike wala mulango usifunguke mpaka huo unyamaze.