Kava la klachi linavuja? Kata gasketi yako mwenyewe (Honda CG125 ya zamani)

Oili ikianza kudondoka chini ya kava la klachi, usikimbilie kupaka silikoni badala ya gasketi, ile karatasi inayozuia oili kwenye maungio. Niliwahi kuletewa CG125 inayogonga kwenye kichwa cha injini. Nilipofungua kava, chujio la oili, kile kiwavu kidogo kilicho chini upande wa kulia, lilikuwa limezibwa na vipande vyekundu vya silikoni. Oili haikupanda juu, na roka za valvu, vile vyuma vinavyofungua valvu, zilikuwa zimelika vibaya. Kipande cha karatasi kingeiokoa injini ile.

CG125 ilitoka mwaka 1976, na pikipiki nyingi za Kichina zina injini iliyoiga muundo wake. Lakini gasketi ya Kichina si lazima ikae sawasawa juu ya Honda ya zamani, ndiyo maana mimi hukata yangu.

Tafuta karatasi ya gasketi ya milimita 0.5, wembe mpya, mkasi mdogo, nyundo ndogo, kipande cha boksi, na gololi kutoka beringi iliyokufa. Gololi iwe kubwa kidogo kuliko tundu la boliti.

1. Fungua. Mwaga oili ingali vuguvugu. Toa kiki, legeza waya wa klachi, na ondoa pedeli ya breki kama inakuzuia. Boliti ni za M6, spana namba 8, na urefu wake haulingani. Chora umbo la kava kwenye boksi, kisha chomeka kila boliti mahali ilipotoka. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi itachana thredi. Kava likigoma, ligonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Usipenyeze bisibisi katikati, maana mkwaruzo mmoja tu unatosha kupitisha oili.

2. Safisha. Ziba injini kwa kitambaa safi, lowesha gasketi kuukuu kwa mafuta ya taa, kisha ikwangue kwa wembe uliolazwa. Osha na lile chujio.

3. Kata. Hapa usiwe na haraka. Laza kava mezani, uso wa kufungia ukiwa juu, tandaza karatasi. Papasa kwa kidole mpaka usikie tundu la boliti, weka gololi juu yake, gonga mara moja. Karatasi inakatika duara safi ambalo mkasi hauwezi kulitoa. Pitisha boliti hapo, kisha toboa tundu la upande wa mbali kabisa na utie boliti ya pili. Sasa karatasi haisogei. Malizia matundu mengine, pamoja na ya vile vibomba viwili vinavyoelekeza kava.

Paka kidole oili chafu kidogo usugue ukingoni. Mstari mweusi utajichora wenyewe. Nje kata kwa mkasi, ndani kwa wembe. Wapo wanaokata kwa kugongagonga ukingo kwa nyundo, lakini kava hili ni aluminiamu, na ukingo wake ukishaviringika haurudi. Ukimaliza, linganisha karatasi na kava: kila njia ya oili iliyo kwenye uso wa kava lazima iwe wazi pia kwenye karatasi.

4. Funga. Paka grisi nyembamba sana upande wa kava tu, ili siku nyingine gasketi ing'oke nzima. Kaza boliti zote kwa vidole kwanza, kisha kwa spana ukienda msalaba, mpaka Nm 10. Kama huna spana ya kupimia, shika spana fupi karibu na kichwa chake, kwa vidole vitatu. Tia oili, takriban lita 0.9, na uache mkono wa klachi ucheze milimita 10 hadi 20 nchani.

5. Jaribu. Futa kava likauke, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio, washa injini dakika tano. Palipo na uvujaji poda italowa. Kesho yake, injini ikiwa baridi, pitia tena boliti zote.

Kabla ya kufunga kava, chora gasketi yako mpya kwenye boksi, andika "CG125 kulia", ulitundike boksi hilo ukutani.